Ombi la Kurudishiwa Masizi ya Tanuri Letu la Gesi

Umoja wa Wazee wa Barabara ya Irente,
Lushoto.
Ijumaa, 18 Julai.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi kilichompa cheti binti Loyce.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu kutoka huku juu, ambako tangu Juni ukungu hauondoki kabla ya saa tano na mtu mwenye koti moja hulivaa juu ya blanketi. Mimi ni Mwalimu Sefania, mstaafu, niliyefundisha sarufi kwa miaka thelathini na minne. Ni Mwenyekiti wa Umoja uliotajwa hapo juu kwa miaka kumi na moja mfululizo. Katiba yetu inataka Mwenyekiti athibitishwe kila mwaka kwa wanachama kunyoosha mikono au, wasiponyoosha, kwa kukaa kimya. Kwa miaka kumi na moja wamekaa kimya.

Jumanne ya wiki hii Loyce alilikagua na kulisafisha tanuri la gesi linalopasha joto ukumbi wetu. Alhamisi ijayo, tarehe 24, ni kikao cha kunithibitisha. Nina sababu za kuamini kwamba tanuri lisiporudishwa lilivyokuwa kabla ya tarehe hiyo, sitathibitishwa.

Ili unielewe, tanuri lenyewe ni sanduku la chuma lenye kimo cha kabati la nguo. Tulipewa na wageni waliokuja kutazama mandhari, wakatukuta tukitetemeka kikaoni. Mtungi wa gesi uko nje, feni iko ndani, na bomba la moshi linapita ukutani. Halikuwahi kufunguliwa tangu lifungwe, kwa kuwa tuliona si adabu kupekua zawadi ambayo bado inafanya kazi. Tanuri na uenyekiti wangu vilianza mwaka mmoja, na sijawahi kuona uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu salamu. Tulikuwa wazee kumi na wawili ukumbini, tumekuja kushuhudia, maana kwetu kazi isiyotazamwa na wazee haihesabiwi kuwa imefanyika. Binti alifika mlangoni, akanusa hewa, akageuka na kwenda moja kwa moja kwenye mtungi bila kutoa shikamoo hata moja. Bibi Secilia, ambaye ni Makamu wangu, alimwita kwa sauti: "We binti, kwani tumelala wote?" Akajibiwa kutoka nyuma ya ukuta: "Nisamehe bibi, nafunga gesi kwanza, hapa pananuka! Msiwashe taa, wala kiberiti, na simu msiziguse. Tokeni nje wote, taratibu." Baadaye alitoa shikamoo kumi na mbili, moja baada ya nyingine, huku amepiga goti. Lakini zilitolewa uwanjani, penye upepo, na Mzee Stephano, mkubwa wetu sote kwa umri, anasema yake haikumfikia.

2. Kuhusu kusubiri. Baada ya kufunga gesi na kuzima umeme kwenye ukuta wa nje, alitangaza kwamba hatagusa kitu mpaka chuma kipoe na hewa ya ukumbini ibadilike. Tulikaa kwenye nyasi zenye umande saa nzima. Nilimweleza kwamba mama zetu walikuwa wakiipua sufuria ya moto kwa kipande cha kitambaa na hakuna aliyesubiri chochote. Alisema, "Mwalimu, sufuria haina gesi ndani yake." Niliikagua sentensi hiyo kwa muda mrefu nikitafuta kosa. Sikuliona, na jambo hilo limeniudhi hadi leo.

3. Kuhusu upepo. Tulikuwa tumeziba matundu yote ya juu ya madirisha kwa magunia na magazeti, kazi iliyochukua miaka na ushirikiano mkubwa. Aliyatoa yote. Anadai kwamba moto nao unahitaji kuvuta hewa kama mtu. Kisha aliingiza fimbo kwenye bomba la moshi, kwa nje, akatoa kiota cha ndege kikubwa kama kikapu cha sokoni, kilichosukwa kwa nyasi na nyuzi za sweta la kijani ambalo Mzee Stephano alimshtaki jirani yake kuwa ameliiba. Binti alisema moshi ulikosa njia, ndiyo maana ulikuwa ukirudi kwetu. Mimi nasema kiota hakikuwa kimemkosea mtu. Isitoshe, sasa Mzee Stephano analazimika kwenda kuomba radhi, naye ana miaka themanini na minane na mlima wa kwa jirani ni mkali.

4. Kuhusu masizi. Alifungua mlango wa tanuri, akapiga tochi na kuingiza kioo kidogo, akitafuta ufa kwenye chuma. Hakuuona. Alisafisha vijibomba vinavyotoa moto kwa brashi laini, akafuta mapanga ya feni, akalitoa chujio la hewa ambalo lilikuwa limeota manyoya kama kondoo, akaweka jipya. Kwenye maungio ya mpira wa gesi alipaka povu la sabuni, na mahali pamoja povu lilitoa mapovu makubwa, wazee wakapiga makofi wakidhani ni mchezo. Alibadilisha mpira na kupaka povu tena, likatulia. Haya yote sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni nusu ndoo ya masizi aliyoyafukia shimoni bila azimio la kikao. Yalikuwa masizi ya Umoja. Yalikuwemo humo kwa kipindi chote cha uongozi wangu.

5. Kuhusu rangi ya moto. Tulikuwa na moto wa manjano, mrefu, unaocheza, wa kupendeza kuutazama. Sasa tuna moto wa buluu, mfupi, umesimama wima kama askari wa gwaride. Loyce alieleza kwa heshima zote kwamba moto wa manjano kwenye tanuri kama hilo ni moto unaokosa hewa, nao hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huanza kwa kuumiza kichwa, ikafuata usingizi, ikafuata jeneza. Mimi si mtu wa kupinga sayansi. Lakini naomba usome lalamiko la sita kabla hujanihukumu.

6. Kuhusu utulivu uliopotea. Kwetu wazee huketi kwa umri. Aliyewatangulia wote hukaa karibu na moto, anayefuata humfuata, mpaka wale wa miaka sitini na kitu, ambao huketi mlangoni na upepo wao. Kila Alhamisi saa kumi alasiri nilikuwa nafungua kikao kwa kusoma kumbukumbu zote tangu Umoja uanzishwe. Nikifika ukurasa wa tatu, vichwa vyote vya karibu na moto vilikuwa vimeinama. Niliuhesabu unyenyekevu huo kuwa ni matunda ya umri. Wale wa mlangoni pekee ndio waliokuwa wakikohoa na kuuliza tumefika ukurasa wa ngapi, nami niliwaandika kuwa ni vijana wasio na malezi. Tuliporudi nyumbani sote tuliumwa vichwa, tukaamini ni kwa sababu ya kufikiri.

Katika hali hiyo njema tulipitisha, bila sauti hata moja ya kupinga, kwamba njia ya kwenda kwenye bomba la maji iitwe Njia ya Mwalimu Sefania. Kwamba mipeasi yote ya barabara hii ikatwe matawi siku ambayo mimi nitakuwa na nafasi ya kusimamia. Na kwamba atakayepiga chafya wakati wa taarifa ya Mwenyekiti aandike barua ya kujieleza.

7. Kuhusu jana. Jana kilikuwa kikao cha kwanza tangu tanuri lisafishwe. Ukumbi ulikuwa na joto zuri, hilo nakiri. Nilianza kusoma. Nikiwa ukurasa wa tatu, Mzee Stephano aliinua kichwa, akanitazama kwa makini, akauliza, "Huyu anayesoma ni nani?"

Akaambiwa ni Mwenyekiti.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipolala, baba," alisema Bibi Secilia.

Walicheka, Ndugu Mkuu. Wazee wa heshima zao walicheka mpaka mmoja akavua miwani. Kisha Bibi Secilia akaomba asomewe azimio la njia ya bombani na majina ya walioliunga mkono. Nilimwonyesha jina lake. Akasema, "Mimi siku hiyo nilikuwa naota nachuma karoti. Karoti zangu ndizo zimekupa njia?" Baada ya hapo niliulizwa maswali kumi na saba. Kuna mtu alipendekeza kwamba Alhamisi ijayo wanachama wasikae kimya, na kuna mwingine, tena wa karibu kabisa na moto, aliyetamka neno "Mwenyekiti" huku akimtazama Bibi Secilia.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, naomba chuo chako kifanye yafuatayo kabla ya saa kumi alasiri, tarehe 24:

(a) Kiturudishie masizi, angalau robo ndoo.

(b) Kirudishe kiota mahali pake, na ndege akipatikana arudi naye.

(c) Kiondoe kijisanduku cheupe ambacho Loyce alikitundika ukutani. Nimeelezwa kwamba hewa ikichafuka kitapiga kelele papo hapo. Katika ukumbi wangu hakuna anayezungumza bila kupitia kwa Mwenyekiti.

(d) Kimfundishe binti namna ya kuurudisha moto wa manjano siku ya Alhamisi tu, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili, bila ile sumu. Ikiwa sumu na utulivu haviwezi kutenganishwa, basi naomba chuo kifanye utafiti. Sitaki mtu yeyote afe. Nataka wachoke kidogo tu.

Naomba unifikishie salamu kwa walimu wote wa chuo, kwa wanafunzi wanaosoma kwa bidii na hata wasiosoma, kwa mpishi, kwa mlinzi wa getini, na kwa wazazi wa Loyce, ambao malezi yao siyalaumu, maana magoti aliyopiga yalikuwa ya kweli.

Wako, katika kuitetea amani ya vikao,

Mwl. Sefania
Mwenyekiti

N.B. Leo ni Ijumaa, tarehe 25. Barua hii haikutumwa kwa wakati kwa sababu muhuri wa Umoja hukaa kwa Katibu, naye alikuwa Korogwe kwa mwanawe mpaka jana asubuhi. Kikao kilifanyika jana. Ili kuwakumbusha wanachama kazi niliyoifanya, niliwasomea kumbukumbu za miaka yote kumi na moja. Nilisahau kukueleza kwamba meza ya Mwenyekiti, kwa heshima ya cheo, iko karibu na tanuri kuliko hata kiti cha Mzee Stephano. Jana ndiyo mara ya kwanza nilizisikia kumbukumbu hizo zote nikiwa macho. Humo mna azimio, kwa mwandiko wangu, linalowakataza majogoo wa Irente kuwika siku za Alhamisi. Bibi Secilia alipouliza nani anataka Mwenyekiti mpya, Katibu alihesabu mikono kumi na miwili. Akahesabu tena, kwa kuwa hakuamini. Mkono wa kumi na mbili ulikuwa wangu.

Malalamiko yote saba nayafuta. Naomba Loyce aje nyumbani kwangu kesho asubuhi na brashi yake. Tuna hita ndogo ya gesi sebuleni, na tangu tuinunue mke wangu Yusta amekubaliana nami katika kila jambo. Nimeshafunga gesi na kufungua madirisha yote. Tangu chai ya saa nne amekwisha kunikatalia mara mbili, namshukuru Mungu.