Stesheni ya Chumbani

Jumamosi, 12 Julai 2025

Baridi. Mlima haujaonekana tangu Jumatano.

Nimeiona nyumba ya mama! Labda. Lilikuwa tangazo la kipindi kuhusu miji ya zamani ya pwani. Alhamisi hii, saa kumi na mbili jioni: Pangani. Wameonyesha mtaa wa kivukoni kwa sekunde tatu, na nyuma ya mtu wa baiskeli kuna mlango wa buluu kama wa kwetu. Mpwa wangu mmoja husema nyumba ilibomolewa. Mwingine husema ipo. Mimi nilikuja Arusha mwaka 1976 kuwa karani wa stesheni, kwa miaka miwili tu. Bado nipo Kaloleni.

Tatizo: saa kumi na mbili ni saa ya tamthilia. Mke wangu Mwanahalima, mpangaji wetu Twahira na nusu ya mtaa hujaa sebuleni kumlilia mwanamke wa Kituruki aliyesahau jina lake. Ningeweza kuomba. Lakini mlango ule hautazamwi mbele ya watu wanaotafuna karanga. Mzee wa miaka sabini na minne anaweza kuingiwa na vumbi machoni.

Uamuzi: televisheni ya pili, chumbani. Siri.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda Kimandolu kwa Nathanael, tuliyefanya naye kazi reli. Yeye alikuwa akibadili njia za treni. Ana televisheni sebuleni na nyingine chumbani, na huitaja ya chumbani kabla hujakaa. Mkewe Hanna alinipa ndizi na kuniuliza hali ya kifua changu. Nathanael aliniuliza kama bado natazama pamoja na akina mama.

Hata hivyo ushauri wake una mantiki. Waya ni reli, alisema. King'amuzi ni stesheni. Unaweka njia panda nyuma ya king'amuzi, treni moja inakwenda sebuleni, nyingine chumbani. Fundi wa nini? Sisi tumeendesha treni kutoka Tanga!

Jumatatu, 14 Julai

Mwanahalima alikwenda sokoni saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika tano Nathanael alikuwa ndani ya dari. Tulipitisha waya juu ya korido hadi kwenye televisheni ya zamani, ile ya chogo. Nathanael alikanyaga ubao mbovu, mguu wake ukatokea chumbani kwa Twahira. Bahati nzuri Twahira alikuwa kazini.

Picha ilikuja saa tano kasoro mbili. Safi! Tulipeana mikono kama siku ya kustaafu.

Saa kumi na mbili nilijifungia chumbani, nikawasha. Mwanamke wa Kituruki! Nikabadili chaneli: chenga. Nikarudi: Mturuki. Kumbe treni ni ileile moja, na usukani wake uko mkononi mwa mke wangu. Nimehangaika kutwa nzima ili nimlete mwanamke huyu hadi kitandani.

Jumanne, 15 Julai

Nimeiba rimoti. Haipenyi ukuta. Nilijaribu kupitia mlangoni, nikiwa nimepiga magoti koridoni. Twahira alinikuta hapo. Shikamoo babu, umeangusha nini? Nikasema sindano. Akapiga magoti naye, akatafuta robo saa, mtoto wa watu.

Mwanahalima aliniuliza mbele ya wageni, Baba Nasri, wewe unataka nini hasa? Nikasema sitaki chochote. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akauliza juu ya tundu kwenye dari la mpangaji. Nikasema panya.

Jumatano, 16 Julai

Nathanael amebadili nadharia. Njia panda isiwe kwenye king'amuzi, iwe kule juu kwenye dishi, na chumbani kuwe na king'amuzi cha pili. Ameniazima chake cha zamani. Chaneli ile haina malipo. Kesho hataweza kuja. Ana mazoezi ya kwaya.

Alhamisi, 17 Julai

Naandika kwa hasira.

Nilipanda juu ya bati saa kumi na moja na nusu. Pua inachuruzika, kisu kwenye meno. Saa kumi na mbili kamili Mwanahalima aliita kutoka uani: Baba Nasri, njoo upesi! Nilijua ni mkaa. Huwa ni mkaa. Nikaendelea na waya. Akaita mara tatu, sauti ikipanda. Nikalala kifudifudi nisionekane.

Saa kumi na mbili na dakika nne nilikata waya.

Chini ukapigwa ukunga wa watu wengi. Nikashuka kama mtu asiyejua lolote. Sebule imejaa. Hakuna karanga. Kuna kahawa na kashata, na kiti changu kimewekwa mbele peke yake, kitupu. Kwenye kioo kuna maandishi tu: hakuna mawimbi. Twahira aliniambia, akikaribia kulia, kwamba mke wangu aliwaomba wote leo waache tamthilia, ni kwao babu. Wameona mto. Wameona kivuko. Picha ilikuwa inakunja kona kuingia mtaani.

Mwanahalima alikuwa akitazama kutu kwenye magoti yangu.

Ijumaa, 18 Julai

Fundi ameunga waya kwa dakika nne, akaukuta na ule wa darini, akaung'oa. Alicheka kwa dakika tano.

Mke mwenye heshima angeniambia mapema! Anasema alitaka iwe zawadi, na kwamba mume mwenye mdomo angeomba. Miaka arubaini na moja ya ndoa, haya ndiyo majibu.

Nathanael amepiga simu. Kipindi kilikuwa kizuri, anasema. Kizuri! Kwaya gani hiyo? Nikamuuliza kama aliona mlango wa buluu. Akajibu kwamba milango ilikuwa mingi, hakuangalia rangi.

Jumapili, 20 Julai

Marudio leo, saa kumi alasiri. Sebule imejaa tena. Nathanael amekuja na Hanna na kukaa ubavuni mwa kiti changu, macho yake tayari usoni pangu.

Mwanahalima alinivuta koridoni. Akaninong'oneza kwamba alimwagiza fundi aurudishe ule waya wa Jumatatu. Nijifungie chumbani, picha ni ileile ya sebuleni, nimtazame mama yangu bila kutazamwa. Yeye atasema nina mafua.

Nani alimwambia habari za kutazamwa? Sikumwambia mtu! Na mimi, karani wa daraja la kwanza, nitazame Pangani kwa picha ya kuazima, itokayo sebuleni kwangu mwenyewe? Waya ule fundi hakuufunga vizuri, hata kipofu angeona. Nitajitengenezea njia yangu kutoka kwenye dishi.

Ni saa tisa na dakika arubaini na nne. Kisu kimenolewa. Kazi ya dakika kumi.