Vita Yangu na Meza ya Dirishani

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimetangaza vita. Nimeitangaza humu daftarini tu, lakini vita ni vita. Adui ni mtunza kumbukumbu wa bohari yetu ya magodoro, ambaye kwa bahati mbaya ni mama mkwe wangu. Kila asubuhi, kwenye ile meza yake ya dirishani, anafungua seva ya makao makuu iliyo mji mwingine, anatoa orodha ya oda, anaichapa, anawagawia madereva karatasi. Karatasi! Anastaafu mwezi wa sita na Ijumaa meneja anamteua wa kumrithi. Mimi ni karani wa mapokezi, mwaka wa saba huu. Sitazeekea pale mlangoni.

Silaha ninayo. Kuna programu inayokuwezesha kutengeneza programu bila kujua lugha yoyote ya kompyuta. Unaburuta visanduku kwa kidole. Unachora mstari kutoka kisanduku cha seva hadi kisanduku cha simu ya dereva. Basi, kazi imekwisha, na mama mkwe pia.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwamkia shikamoo, macho sakafuni, nikamwomba neno la siri la seva. Akanipa. Akaongeza tu kwamba nisiguse kitu kabla ya kumuuliza. Nikaitikia ndiyo mama. Hapo ndipo tunapotofautiana. Yeye ni mtu wa kuuliza, mimi ni mtu wa vitendo.

Seva imenikataa mara tisa. Mara ya kumi nikagundua nilikuwa naandika kwa herufi kubwa. Hilo halimhusu mtu. Kisha programu ikaniuliza kama nataka njia moja au njia mbili. Njia moja, simu inasoma tu. Njia mbili, ukibadilisha kitu kwenye simu, na seva inabadilika. Nimechagua mbili. Njia moja ni ya waoga.

Jumatano, 6 Machi

Ndani ya seva ni aibu tupu. Kuna faili linaitwa Oda Mpya. Kuna Oda Mpya Kabisa, Oda ya Mwisho, na Oda ya Mwisho Kweli. Nimechagua hili la mwisho kweli, maana lina msimamo. Mengine nimefuta kwa simu nikiwa nimekaa kwenye ngazi, mguu juu ya mguu.

Katikati ya hayo nikakuta moja linaitwa Harusi ya Binti Yangu. Yaani harusi yangu mimi! Kwenye seva ya kampuni! Sikulifungua. Hii ni bohari, si albamu ya ukoo. Nimefuta.

Mama mkwe kesho ana ruhusa ya kwenda kupimwa macho. Ameniachia karatasi ya oda za kesho nimpe dereva mkongwe, yule tunayemwita Breki. Nimeipokea kwa mikono miwili. Imefaa kuwekea kikombe.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi, ushindi. Madereva wanne, simu nne, karatasi sifuri. Breki aliuliza karatasi yake iko wapi. Nikamwambia zama hizo zimepita.

Saa nne akapiga simu kutoka kwa kinyozi. Alitaka kujua kama kweli kinyozi ameagiza magodoro arobaini. Nikamwambia asisitize. Wa pili alikuwa amesimama mbele ya shimo ambapo zamani palikuwa na nyumba ya wageni. Wa tatu alipokelewa kwa shangwe na watu ambao hawakuagiza kitu. Huyo nimemwandika kama mafanikio.

Saa sita meneja akatoka ofisini amevimba. Shule ya bweni imempigia. Wasichana mia na sitini wameripoti leo, vitanda ni vyuma vitupu.

Mama mkwe alirudi saa saba. Alifungua seva, akaniuliza iko wapi harusi yake. Nikasema nimeifuta, mama. Akakaa chini taratibu.

Kumbe orodha ya kweli ndiyo ile. Mafaili yenye jina la oda kila mtu alikuwa akiyavuruga, basi akaificha pale ambapo mtu mwenye adabu hawezi kugusa. Wauzaji wote wa makao makuu wanajua. Miaka sita hakuna aliyethubutu. Faili nililolichagua mimi lina oda za miaka minane iliyopita.

Fundi wa makao makuu anasema nakala ya akiba ipo, ya mwaka juzi. Mama mkwe akainuka. Alikuja mezani kwangu, akainua kikombe, akachukua karatasi. Alama ya chai ilikuwa imelizunguka jina la ile shule, lakini ilisomeka. Saa kumi na moja jioni kila mtoto alikuwa na godoro lake.

Niliona aibu. Naandika hapa ili kesho nisije nikakana.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Aliuliza swali moja tu, kama ni kweli nimefuta harusi yetu. Nikamweleza kwamba haikuwa harusi, zilikuwa oda. Akasema wakati nafuta sikujua hilo.

Ijumaa, 8 Machi

Sikuteuliwa. Hakuna aliyeteuliwa. Mama mkwe ameombwa abaki mwaka mmoja zaidi. Meneja alitaka nikabebe magodoro. Mama mkwe akaomba aongee naye faraghani, wakatoka, nikawa msaidizi wake. Ananitaka karibu. Maana yake ananiogopa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimehamia meza ya pembeni yake. Kabati limejaa karatasi za miaka yote na natakiwa kuziandika upya kwenye seva, moja moja, kwa mkono. Amesema nisiunganishe chochote na chochote. Nikaitikia ndiyo mama. Nimefika karatasi ya tatu, yeye akaitwa kwa meneja, nikaunganisha mashine ya kuchapa na seva ili tuokoe muda. Inachapa tangu saa tatu na haijasimama. Sijui inachapa nini, ila inachapa kwa bidii.

Breki amepita akaniambia mama mkwe alimwambia nini meneja siku ile. Alisema kijana huyu asifukuzwe, anafundishika. Nimelitafakari neno hilo asubuhi nzima na sioni kosa lake. Nafundishika sana. Tatizo ni kwamba humu ofisini hakuna wa kunifundisha.