Vipimo vya Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Siku imeanza vizuri, ikaharibiwa na simu. Nesi wa shule amempigia mke wangu. Wamepima watoto wa darasa la tano, urefu, uzito na presha. Presha! Kwa watoto! Ya binti yetu imeonekana iko juu. Huyu ndiye tunayemwita Bosi, kwa sababu hapa nyumbani amri zote hutoka kwake. Nesi anataka apelekwe hospitali akapimwe upya, pamoja na sukari na mafuta ya kwenye damu. Ati uzito umempita umri, na unene ukianza mapema hivi, moyo na ini navyo huanza kuchoka mapema. Bosi ana miaka kumi tu!

Nimecheka mpaka sindano ikanichoma. Presha ni ugonjwa wa watu wenye mashemeji.

Na najua nani yuko nyuma ya hili. Shemeji mwenyewe. Kaka wa mke wangu, mwalimu wa michezo kwenye shule hiyo hiyo, mtu anayekimbia kila asubuhi bila kufukuzwa na yeyote. Ananionea wivu tangu zamani. Wanawe ni vijiti, wangu amenawiri. Mtoto akinawiri, mtaa mzima unajua baba yake anafanya kazi.

Mke wangu amemtetea binti yake kishujaa. Amemwambia nesi kwamba mtoto hajanenepa hata kidogo, kwani sketi ya shule anayovaa ni ile ile ya darasa la tatu, na bado inamkaa sawasawa. Nesi akaaga. Mimi nikainamia cherehani. Mimi ni fundi. Sketi ile nimeiachia mishono, kisha nikaitia kipande ubavuni, kisha kipande kingine ubavu wa pili, kila likizo, mama mtu akiwa sokoni. Mtoto asijisikie vibaya, na vitambaa vipo. Kazi safi! Ukitazama kwa nje huoni kitu.

Hospitali ni Alhamisi. Muda wa kujipanga upo.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshauriana na kinyozi, jirani yangu wa kazini. Duka lake na langu yanatenganishwa na ukuta mmoja. Mwembamba kama uzi, anakula kama mchwa, sijawahi kumsikia akipiga hata chafya. Kwa hiyo ni mtaalamu wa afya. Amesema dawa ya presha ni kitunguu saumu kibichi, asubuhi na jioni, na daktari mwenyewe atabaki kushangaa.

Nimemenya viwili. Nimempelekea Bosi kwenye kisahani. Amenusa, akaniuliza kama mimi mwenyewe naweza kuvila. Dharau gani hiyo! Nimevitafuna mbele yake, punje baada ya punje, nikitabasamu, machozi yakinitiririka. Bosi akasema asante kwa kumwonyesha, akarudi kwenye hesabu zake.

Mchana amekuja bibi harusi mtarajiwa kupimwa gauni. Nimemzungushia tepu kiunoni, nikamuuliza kama angependa mikono mirefu au mifupi. Amekimbia na tepu yangu.

Jioni mke wangu amemsugua Bosi shingo kwa dodoki. Pana weusi pale kisogoni, hautoki, tunahangaika nao tangu mwaka jana. Mtoto amelalamika kwamba anaumia. Nimemshauri mke wangu abadilishe sabuni.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya aibu. Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Amri ilikuwa mtoto asile wala kunywa chochote isipokuwa maji tangu jana jioni, ili damu isomeke vizuri. Asubuhi nimemkuta Bosi amekaa kitandani, ameshika tumbo, mnyonge. Moyo ukaniuma. Baba gani anatoa mtoto nyumbani na njaa? Mke wangu alikuwa anaoga. Nimefungua friji, nikampa glasi mbili za juisi ya boksi. Akaniuliza kama inaruhusiwa. Nikamwambia juisi si chakula, chakula kinatafunwa. Isitoshe, nilitaka akapimwe akiwa na nguvu.

Daktari wa watoto ni mama mmoja mtulivu, sauti yake ya chini. Ameanza na presha. Mkanda aliomfunga mkononi ni mpana kuliko ule wa shuleni. Amesema mkanda mwembamba kwenye mkono mnene huipandisha presha bure. Na kweli, ikashuka! Nikamtupia mke wangu jicho la ushindi. Daktari akaongeza kwamba hata hivyo bado iko juu kuliko inavyotakiwa kwa mtoto. Jicho nikalirudisha.

Akauliza mtoto ameanza kuongezeka lini. Mke wangu akatoa ushahidi wake wa sketi. Nesi wa hospitali aliyekuwa pembeni akashika upindo, akaugeuza, na hapo mambo yakaenda mrama. Bluu tatu tofauti. Mke wangu akaivuta sketi karibu. Alipitisha kidole juu ya mshono, taratibu, toka juu mpaka chini. Mshono wangu anaujua. Gauni lake la harusi nililishona mimi.

Kisha daktari akaona shingo. Akasema ule si uchafu, na hakuna sabuni itakayoutoa. Ni alama kwamba mwili unahangaika na sukari, unafanya kazi maradufu ili kuiweka sawa. Mke wangu akashika mdomo. Bosi akamkumbusha mama yake kwamba alishasema anaumia.

Wakamchoma kidole. Daktari akatazama kile kimashine, akakitazama tena, sura ikabadilika. Akauliza kama mtoto amekula au kunywa chochote. Nimeapa. Maji tu! Bosi akanigeukia, akanitazama. Daktari akavuta kiti karibu na mke wangu. Akasema kama ni hivyo, sukari imepanda vibaya, huenda ikabidi alazwe leo leo kwa uchunguzi, na pengine atahitaji kuchomwa sindano kila siku. Mke wangu akakaa chini, mahali pasipo na kiti. Nilitaka nipate maneno ya maana, ya kitaalamu, ya kuniachia heshima kidogo.

Nikapiga kelele: juisi!

Korido nzima imegeuka. Nikarudia, juisi, glasi mbili, ya boksi, ya embe. Daktari hakunigombeza, alifumba macho tu kidogo. Akasema turudi Jumatatu, mtoto akiwa hajala, na safari hii ataulizwa mtoto, si baba.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu anaongea nami kupitia kwa Bosi. Mwambie baba yako chumvi iko kabatini. Mwambie baba yako akishonea watu, asiwashonee uongo. Bosi anafikisha kila kitu, na anaongeza maoni yake.

Shemeji amekuja na kaptula yake. Amesimama mlangoni akanirushia methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimemjibu papo hapo kwamba haraka haraka haina baraka. Baadaye nimelifikiria. Halikuwa jibu.

Mchana Bosi amekuja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja. Ameniuliza babu yake, yaani baba yangu, alikufa kwa nini. Nimesema uzee. Akasema mama amemwambia babu alipokufa alikuwa mdogo kuliko mjomba alivyo sasa. Ni kweli. Alianguka akiwa kazini, ameshika koti la mteja. Moyo. Hakuna aliyejua kama ana presha, hakuwahi kupimwa. Alikuwa akisema ukipima ugonjwa unauita. Nimemweleza mtoto kwa kifupi, huku nikijifanya natafuta mkasi. Mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Naogopa. Basi, nimeandika. Simwogopi shemeji wala nesi. Naogopa kile kilichomchukua baba kisije kikawa kimeshaanza kwa mtoto, na mimi nimekaa nakishonea vipande vya ubavuni.

Jumatatu, 10 Machi

Shemeji amelala kwetu kuilinda damu. Amri ya dada yake. Ameweka kiti mbele ya friji, akalala pale pale ameegemea mlango wake, mikono kifuani. Tusi kubwa kwa baba mwenye nyumba! Alfajiri nimenyata kwenda kunywa maji, na pengine kuhakikisha kwamba keki ya frijini bado ipo. Akafumbua jicho moja. Nimerudi kitandani na kiu yangu.

Bosi amekwenda hospitali tumbo tupu, na hakunung'unika. Ameulizwa yeye. Amejibu hajala, akaongeza kwamba baba alijaribu kumpa peremende pale getini na yeye akakataa. Ilikuwa moja tu! Mke wangu sasa ananishika mkono njiani, lakini si kwa mapenzi, ni kama polisi.

Wametoa damu ya mkononi kwa ajili ya sukari, mafuta na ini. Bosi hakulia. Mimi nilitoka nje kidogo kuvuta hewa, mlinzi akanipa stuli. Majibu ni Jumatano. Leo nimeshona kola mbili kwenye shati moja.

Jumatano, 12 Machi

HANA KISUKARI!

Daktari amesema na nimemwomba arudie, naye akarudia. Sukari iko upande wa salama, ingawa imeusogelea mpaka. Mafuta ya damu yako sawa. Ini limeanza kuweka mafuta kidogo, lakini akisaidiwa yataondoka. Presha itafuatiliwa, arudi baada ya miezi mitatu. Akasema tumewahi. Neno tamu hilo, tumewahi! Nimelirudia njia nzima.

Amesema mtoto bado anakua, asinyimwe chakula wala asisimangwe. Ale vizuri, soda na juisi zitoke nyumbani, alale mapema, acheze mpaka atokwe na jasho. Na si yeye peke yake, ni nyumba nzima, kwa sababu mtoto hatainuka ikiwa wakubwa wamekaa. Hapo mke wangu akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsikilizia jirani.

Nimelia kwenye korido. Si machozi ya kufuta kwa kidole, nimelia kwa sauti, mpaka mgonjwa mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa. Mke wangu akanikumbatia, mara ya kwanza tangu mambo ya sketi. Shemeji naye macho mekundu, anasema ni vumbi. Ndani ya hospitali! Nimemkumbatia naye. Nimejuta papo hapo, alikuwa ametoka kukimbia.

Bosi alisubiri tumalize kelele zetu, kisha akauliza kama sasa anaweza kushonewa sketi mpya, ya saizi yake ya kweli, yenye mifuko miwili. Nimeimaliza jioni hii. Kitambaa kimoja, bluu moja. Ameivaa, akazunguka mbele ya kioo, akasema ile ya zamani ilikuwa inambana na alikuwa anaogopa kuniambia. Sikujua. Nilidhani nampunguzia mzigo.

Jumapili, 16 Machi

Matembezi ya familia, ya kwanza. Shemeji mbele na filimbi yake, sisi nyuma kama wafungwa. Kwenye kilima cha matangi ya maji Bosi amepumzika, akaendelea, akapumzika tena, akafika. Mimi nimepumzika zaidi, nikisingizia kufunga kamba za viatu. Nilivaa makubazi. Bosi akanisubiri kule juu, uso unametameta kwa jasho, anacheka, akanipa maji yake ninywe kwanza. Nimefurahi mpaka sina la kuandika.

Lipo moja sikuliandika Jumatano kwa sababu ya furaha. Bosi alimsimulia daktari habari za babu yake. Daktari akasema basi na baba naye apimwe presha na sukari, kwa daktari wa watu wazima. Jumanne hii. Mimi! Mzima kabisa, napanda ngazi za nyumbani bila kusimama zaidi ya mara moja! Tangu hapo usingizi sina.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata ufumbuzi! Sijui kwa nini akili hii haikunijia mapema.

Kinyozi ataingia badala yangu. Hospitali ni kubwa, watu wengi, na huyo daktari wa watu wazima hajawahi kuniona. Kinyozi atajitaja kwa jina langu, atapimwa, atatoka na majibu safi. Malipo yake ni suruali mbili. Mke wangu atatulia, shemeji atakosa la kusema mwaka mzima, na hakuna atakayeumia. Tumefanya mazoezi dukani kwangu. Nimemuuliza jina, akasema la kwake. Mara ya pili akapatia. Nimemwonya asitafune kitu mbele ya daktari.

Kugeuka, Bosi yuko mlangoni, begi la shule mgongoni. Amesikia yote. Hakukasirika. Ameniuliza tu, tukishajua kwamba moyo wa kinyozi ni mzima, wa kwangu tutaujuaje.

Kinyozi alikumbuka kwamba ana mteja. Mimi nimemwambia Bosi kwamba haya ni mambo ya wakubwa, akikua ataelewa. Akasema ndiyo maana anauliza. Anataka akikua, na mimi niwepo.

Mtoto ana akili kupita kiasi, nimejisikia fahari sana. Kinyozi anaingia hospitalini kesho saa tatu.