Kitani Cheupe cha Bibi Ottilie

Jumanne, 4 Machi

Baridi kali, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Gari limekataa kuwaka kwa sababu jana nilisahau kulichomeka kwenye umeme wa kupasha injini isigande. Mke wangu Darlene amesema mtu aliyezaliwa Saskatchewan akisahau kuchomeka gari mwezi wa Machi, anastahili kutembea. Nimetembea mpaka kazini. Masikio bado siyasikii.

Lakini leo si siku ya kulalamika. Leo nimepewa heshima! Kijiji chetu, kile cha kwenye mchezo wa kompyuta, kimenichagua mimi, Orest Wasylyk, muuza vipuri vya trekta, nilime kitani cha kumuagia Bibi Ottilie.

Bibi ana miaka themanini na mmoja, yuko Thunder Bay, na ndiye aliyekianzisha kijiji miaka tisa iliyopita. Macho yanamzimikia. Siku hizi ana mashine inayomsomea kwa sauti kila kinachoandikwa kwenye kioo, na anasema inasoma kama mtu anayetangaza vifo redioni. Imemchosha. Ameamua kuacha mchezo Jumamosi ya tarehe 15. Tumekubaliana aondoke na kitambaa cha meza cha kitani, kitokane na mbegu zake mwenyewe, zile za maua meupe. Mchezo mzima hakuna mwingine aliye nazo, na yeye ana konzi moja tu. Amezitunza miaka sita bila kuthubutu kuzipanda.

Leo amezitia mkononi mwangu.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mwaka juzi, katika maongezi, nilisema nimelima kitani miaka thelathini. Nilimaanisha baba. Baba ndiye aliyelima miaka thelathini, ekari mia nne. Mimi nilikuwa nampelekea chai. Baada ya pale haikupatikana nafasi nzuri ya kusahihisha.

Jumatano, 5 Machi

Nimepanda wakati wa chakula cha mchana, nyuma ya kaunta, sandwichi mkono mmoja na simu mkono wa pili. Kitani cha mchezoni huota haraka: siku tatu kinatoa maua, siku chache zaidi kinaiva.

Philippa ameanza. Huyu ni mtia rangi wetu, yuko Vermont, na ana tabia ya kusoma. Ameandika kwenye ubao wa kijiji, mbele ya kila mtu, kwamba kitani cha kufumia hung'olewa kwa mkono, pamoja na mizizi yake, mara tu mabua yanapogeuka manjano upande wa chini. Kisisubiriwe kikauke.

Nimecheka mpaka mteja mmoja akageuka. Nikamjibu kwamba huku kwetu hakuna mtu mwenye akili zake anayeng'oa kitani kwa mkono. Kitani hukatwa, tena kikiwa kimekauka, ukikitikisa vifuko vya mbegu vilie. Akauliza, kwa adabu ile yake ya kuudhi, kama huko kwetu hicho kitani watu hukifumia nguo. Nikamwambia mtu aliyezaliwa shambani haulizwi maswali ya vitabuni. Wanakijiji kumi na wanne wakaniwekea alama ya kucheka. Philippa hakuwekewa hata moja.

Siku nzuri sana.

Jumamosi, 8 Machi

Maua yalifunguka jana. Meupe kweli! Watu wamefika kuyaona kutoka vijiji ambavyo hata hatusalimiani. Bibi Ottilie amekuja na farasi wake, akasimama ukingoni mwa shamba, akaniomba nimwelezee, maana mashine yake ikifika pale husema tu "mmea" na kunyamaza. Nikamwambia ni meupe kama unga ukikumwagikia mezani siku ya kupika pirogi, yale maandazi yetu ya kuchemsha.

"Niambie tena," akasema. "Polepole."

Nikamwambia tena. Nilisikia akivuta pumzi. Pale ndipo nilipotaka kumwambia ukweli kuhusu baba na ile chai. Kidogo nimwambie. Halafu Philippa akaingia kutukumbusha kwamba mabua yameanza umanjano chini na leo ndiyo siku ya kung'oa. Mbele ya Philippa nisingeweza. Nikasema tunasubiri. Bibi akasema Orest ndiye mkulima, aachiwe.

Jumatatu, 10 Machi

Mteja alikuwa akitaka chujio la mafuta. Nikamwambia asubiri kidogo, nina mavuno. Akadhani natania.

Nilitikisa kwanza, kama baba. Vifuko vikalia chakacha! Nikashika fyekeo, nikafyeka shamba lote kwa dakika sita. Mbegu tu zimejaa magunia kumi na moja. Kumi na moja, kutoka konzi moja! Mabua nimeyafunga mafungu na kuyaloweka bwawani, kama mchezo unavyoagiza, yalainike mpaka keshokutwa. Ghalani magunia nimeyasukuma nyuma kabisa yasinizuie njia. Nimempiga picha Philippa akiwa anapita, ili siku moja akumbuke sura aliyokuwa nayo.

Mteja aliondoka bila chujio.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimetoa mabua bwawani, nimeyakausha, nimeyaweka kwenye mtambo wa kuponda. Fungu la kwanza: "Umepata makapi." La pili: "Umepata makapi." Nikadhani mtandao una tatizo. Nikazima, nikawasha. Nimeponda mafungu arobaini na moja. Uzi mmoja tu niliopata ulikuwa mfupi kuliko kidole changu, nao ulipofika kwenye kitana cha kuchania ukakatika.

Nilikwenda jikoni nikamuuliza Darlene, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo lisilomhusu, kama anakumbuka marehemu baba alikuwa akiyafanyia nini mabua ya kitani. Aliweka kijiko chini.

"Wewe Orest, si mlikuwa mnayachoma moto? Baba yako aliuza mbegu. Mbegu tu, za kukamua mafuta. Mimi siku uliyonipeleka kwenu kunitambulisha nilikohoa moshi wa mabua mpaka mama yako akadhani ni mgonjwa."

Ni kweli. Kila vuli tuliyachoma, na mimi ndiye niliyekuwa nashika kiberiti. Miaka hamsini na mitatu nimeishi nikijua kitani, na sijawahi kuona hata leso moja ikitoka kwenye shamba letu. Philippa aliniuliza waziwazi, nami nikajivuna. Konzi ile ya mwanamke mzee, iliyotunzwa miaka sita! Nimekaa na aibu yangu mbele ya sahani mpaka chakula kikapoa. Darlene hakucheka, na hilo limeniumiza zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimetafakari sana. Njia ya uungwana ni moja: kumwambia Bibi ukweli leo, ili asikae siku mbili akitazamia kitambaa.

Kwa hiyo nimekwenda sokoni.

Si soko letu. Nimekwenda Mto Baridi, humohumo mchezoni, safari ya saa nzima kwa miguu, nimevaa kofia ya kufunika uso nisitambulike. Kuna vibanda pale visivyokaa muuzaji: unaacha malipo kwenye sanduku, unabeba mali. Nimepata kitambaa cha meza cha kitani, kizuri ajabu, kimefumwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Mwenyewe alitaka maksai wawili. Mimi nina maksai wawili tu, Petro na Havrylo, wenye majina ya wajomba zangu. Nimewafunga pale, nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Kitambaa ni cheupe. Bibi haoni vizuri. Nimeyaandika haya, nikayasoma tena, nikataka kuyachana. Lakini kitambaa ninacho.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika upesi.

Saa nane mchana kijiji kizima kilikuwa uani kwa Bibi, wote tumewasha sauti. Darlene alikuwa amekwenda kucheza kerling, ule mchezo wa kuserereshea mawe barafuni, namshukuru Mungu. Nilitoa hotuba fupi. Nilisema "jasho". Nilisema "mikono yangu hii". Kisha nikakitandika kitambaa juu ya meza ya Bibi, watu wakapiga makofi, na Bibi akakigusa.

Hapo ndipo mashine yake ikaanza kusoma. Nilikuwa nimesahau kabisa mashine. Na nilikuwa nimesahau kwamba katika mchezo huu kila kitu kilichotengenezwa kinabeba historia yake, ukikigusa inatokea kwa herufi ndogo ambazo mimi huwa sizisomi. Ikasoma taratibu, kwa sauti ile ya vifo, sote tukisikia: kitambaa cha meza, kitani cha kawaida, mfumaji, Philippa, kimeuzwa soko la Mto Baridi, siku ya Alhamisi, bei, maksai wawili.

Watu thelathini walisikia mpaka neno la mwisho.

"Kumbe ni wewe," akasema Philippa. "Nilikuwa najiuliza mpumbavu gani ameacha maksai wazima kwa kitambaa cha mazoezi."

Masikio yaliniwaka moto. Nilitaka kuchomoa kompyuta ukutani. Nilikuwa nimeshashika waya. Bibi Ottilie akaniita jina langu, bila ukali wowote, akaniuliza mbegu zake ziko wapi.

Nikasema yote. Baba, chai, kiberiti, makapi, kofia. Sauti ilinikatikia mara mbili na sikuweza kusingizia mtandao. Nikamwambia hakuna hata uzi, nimemharibia miaka sita, kilichobaki ni magunia ya mbegu tu yaliyolala ghalani.

"Magunia?" akauliza. "Mangapi?"

"Kumi na moja, Bibi."

Nikamsikia akipenga kamasi, nikajua analia.

"Mimi nilikuwa naogopa kuzipanda zisije zikafa zote," akasema. "Konzi moja, miaka sita naiangalia tu. Na wewe ungevuna kama Philippa alivyokwambia, kabla mbegu hazijakomaa, tungepata kitambaa na mbegu zingekwisha. Kwa ujinga wako umeniachia mbegu za kijiji kizima."

Watu wakaanza kucheka, hata mimi, ingawa kicheko changu kilikuwa na machozi. Philippa akasema atapanda mwenyewe, atang'oa mwenyewe, na mimi nitaruhusiwa kutazama nikiwa mbali. Tena akanirudishia maksai, na hilo ndilo lililonimaliza. Afadhali angenitukana.

Kisha Bibi akasema hataondoka leo. Atabaki mpaka kitambaa cha kweli kifumwe, kwa sharti moja. Ile mashine hataki tena kuisikiliza peke yake. Anataka mtu wa kumsomea ubao wa kijiji kila siku kwa simu, na amemchagua Orest. Nikasema mimi sistahili. Akasema anajua.

"Ila unisomee kilichoandikwa, mwanangu. Hicho tu."

Nimeapa. Nimeapa kwa jina la baba.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimeamka mtu mpya. Nimechomeka gari hata kabla ya chai, ingawa siendi popote. Nikampigia Bibi, nikafungua ubao, nikaanza.

La kwanza: salamu za kumfurahia. Nikasoma lote. La pili: tangazo la Philippa la siku ya kupanda, pamoja na maelezo marefu ya kung'oa. Nikalisoma lote, neno kwa neno, hata pale aliponitaja. Nilijisikia mwepesi. Nikajiambia, kumbe ni rahisi hivi!

La tatu lilikuwa la mtu ambaye nilimpa mbuzi wakati wa sikukuu. Ameandika kwamba Orest asikaribishwe tena kwenye shamba, bwawa, ghala, wala kitu chochote chenye makali, na kwamba siku ya jana ilikuwa fedheha kubwa kuliko zote tangu kijiji kianze. Chini yake kuna majina ishirini na mawili ya wanaokubaliana naye.

Nilifungua mdomo nisome. Nilikusudia kusoma. Badala yake nikajisikia nikisema: "Hapa kuna mtu ameandika kwamba kila binadamu hukosea, na kwamba jana Orest alionyesha ushujaa ambao kijiji hiki hakijawahi kuuona."

Bibi akasema ni maneno mazuri. Akasema ajabu ni kwamba mashine ilimsomea ubao huohuo alipoamka, na haikumsomea maneno hayo. Nikamwambia ujumbe umeingia sasa hivi, bado ni wa moto. Akaniuliza ni nani aliyeandika.

Nikamwambia ni mgeni. Anaitwa Leopold.

Simjui Leopold yeyote. Jina lilinitoka tu. Bibi akasema mgeni mwenye moyo wa namna hiyo hawezi kuachwa aingie kijijini kimyakimya. Saa kumi atakuwa mlangoni mwa kijiji na mkate na chumvi kumpokea, ameshamwambia Philippa, na Philippa anawaita wengine. Nilimsikia akicheka kidogo wakati anakata simu. Sijui alikuwa akicheka nini.

Naona aibu. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: nimekaa hapa jikoni nikiwa na aibu, na jina la baba sijui nitaliapia tena vipi. Kesho nitamwambia Bibi kila kitu. Kesho bila kukosa.

Lakini sasa hivi ni saa tisa na nusu, na nina kazi. Akaunti mpya imekubali. Leopold ana ndevu, ana viatu, ana kofia. Mchezo unataka niandike na ujuzi wake, na haukubali nafasi ibaki wazi. Nimeandika kwamba amefuga nyuki miaka thelathini.