Ombi la Kumhamishia Mwenyekiti Talib Peckham kwa Miaka Kumi

Edmonton, London
Jumatatu, 9 Novemba 1987

Ndugu Mhariri wa jarida la chama chetu cha watu wa Mombasa,

Natumai u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima, ila nimekasirika.

Kila Jumatano mchana, nikitoka zamu yangu ya kulea wazee, huenda darasa la historia la Bi Margaret, kwa kuwa chumba kina joto na chai haina mwisho. Huko nimesoma habari za watawala wa mabavu wa Wagiriki, nikagundua kwamba mmoja wao bado yu hai, tena anakaa ghorofa ya tatu hapa hapa Edmonton. Ni mwenyekiti wetu Talib, kaka yangu wa tumbo moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Periander wa Korintho alimtuma mtu kwa mtawala mwenzake akaulize namna ya kutawala. Yule hakujibu neno. Aliingia shambani, akawa anakata kila suke lililozidi mengine kwa urefu. Talib hana shamba, lakini kila anayeinua kichwa mkutanoni hupewa masufuria ya kuosha. Mwanachama mwenzetu Kishor aliuliza tu habari za mapazia ya ukumbi. Huu mwezi wa tatu anasugua.

2. Sufuria kubwa la chama liko chini ya kitanda chake. Hata Periander, kwa nilivyosoma, hakulala na sufuria.

3. Jumamosi hii namwoza binti yangu. Talib ametangaza kwamba pilau atapika yeye, nami nikae mbele na wageni nikijipepea. Mimi, mama mzazi! Nimelia, Mhariri, sikufichi.

4. Dawa ipo. Watu wa Athene waliandika jina la mkubwa aliyewachosha juu ya vigae vya vyungu, na aliyepata vingi alihama mji miaka kumi, mali yake ikimngoja salama. Jana tulifanya vivyo hivyo. London hakuna anayeweka vigae, kwa hiyo nilivunja sahani za chama, zote arobaini, kila mwanachama apate kigae chake. Talib alipata thelathini na kimoja. Tisa viliandikwa jina langu, nadhani kwa makosa. Naomba uchape matokeo, naye ahamie Peckham mara moja. Ni mabasi matatu kutoka hapa. Hataweza kuchungulia jikoni kwangu.

Nisalimie mkeo, watoto, mama mkwe wako, na wote waliopiga kura vizuri.

Wako katika kudai haki,
Mwanabaraka

Tanbihi: Kabla sijabandika stempu, Talib alibisha hodi, sufuria begani, amefunga virago kweli. Nikamuuliza kwa nini alininyima mwiko. Akasema siku ya harusi yangu mama yetu alishinda jikoni na moshi machoni, hakuniona hata nilipotolewa nje kama bibi harusi, na alilisikitikia jambo hilo mpaka kufa kwake. Talib hakutaka nami nikose kumwona binti yangu. Kisha akaniuliza kwa nini sikuvunja sahani moja tu, ikatoa vigae vyote.

Nimempokea begi lake. Barua hii usiichape. Jumamosi nitakaa mbele, nijipepee, nimtazame mwanangu mpaka nishibe. Nawe njoo na sahani, hata zenye nyufa, ila zisiwe na jina la mtu.