Shule ya Mwanafunzi Mmoja

Jumatatu, 8 Septemba
Binti yangu Ramona amekubali! Juma moja la majaribio: mjukuu wangu Marisela asome hapa nyumbani, mezani pa jikoni, badala ya kudamka kupanda basi la manjano. Nikishindwa, anarudi shuleni. Nilitoa sababu nyingi za kielimu. Ile ya kweli sikuitoa, naomba radhi. Tangu mke wangu, marehemu Clotilde, aniache, mchana wa nyumba hii haupiti.

Saa mbili kamili nimepiga kengele, kama walivyofanya masista wa misheni. Marisela amejipanga foleni mlangoni, peke yake. Akauliza asimame mbele au nyuma. Swali zuri. Nikasema mbele.

Jumanne, 9 Septemba
Nidhamu. Hakuna kusema bila kuinua mkono. Maharagwe yameungua. Marisela aliyaona mapema; mkono ulikuwa juu muda wote. Mimi nilikuwa nimeelekea ubaoni. Tumekula mkate mkavu.

Jumatano, 10 Septemba
Jirani yetu Bi Ofelia, anayewasomesha wanawe watano nyumbani, amepita na pilipili za kijani za kuchoma. Akamkuta Marisela akiomba ruhusa ya kwenda chooni. Choo chake mwenyewe. "We Mzee Eusebio! Hii shule au jela?" Akadai wanawe humaliza saa nne, kisha hukamua mbuzi na kupima maziwa, na hesabu ndiyo hiyo. Nilimshukuru kwa adabu. Mbuzi! Nimeongeza kipindi cha Kilatini.

Alhamisi, 11 Septemba
Marisela amepiga mwayo katikati ya Kilatini. Kwa masikitiko makubwa nimemsimamisha masomo, nikamwamuru aende nyumbani. "Haya, Babu." Akapanda ngazi, akalala. Jambo hili sikuwa nimelifikiria. Nimeendelea na kipindi. Hakuna aliyeinua mkono.

Ijumaa, 12 Septemba
Ramona, aliporudi kazini, alimwuliza mwanawe juma limekwendaje. Marisela akainua mkono. Nikamruhusu. Kosa! "Mama, Babu nampenda. Huyu mwalimu ndiye nisiyemtaka."

Ramona alicheka mpaka akaketi. Kisha, kwa upole: "Baba, si ungesema tu unataka mtu wa kukaa naye? Akitoka shule mcheze karata." Nilimjibu kwamba suala lilikuwa elimu. Sauti ilinikwama kidogo. Pilipili, bila shaka.

Jumatatu, 15 Septemba
Basi limemchukua. Alinipungia mkono dirishani; aliuinua juu sana, mtundu yule.

Ukimya. Saa mbili kamili nimepiga kengele, kwa mazoea tu. Mbwa wetu Canelo amekuja, ameketi wima, macho kwangu. Usikivu wa namna hii sikuupata juma zima! Tatizo ni kwamba masomo ya Marisela yalikuwa mepesi mno. Tumeanza na Kilatini.

Amebweka bila kuinua mguu. Nimemsimamisha masomo.

Amekataa kuondoka. Mungu ambariki.