Kamera Mpya na Tika ya Mjomba

Alhamisi, 9 Novemba

Kamera imefika! Mdogo wangu Rabin ameituma kutoka Doha kwa mkono wa jirani aliyerudi kwa sikukuu. Nyeusi, nzito, ina lenzi ya kuzungusha na mkanda wa kuvaa shingoni. Juu ya boksi kulikuwa na kibandiko: "Kwa wanaoanza." Nimekikwangua kwa kisu cha jikoni kabla mke wangu Tulasa hajakiona.

Mchana nimeivaa dukani. Nauza kofia za kitambaa cha dhaka hapa Tansen, karibu na Shitalpati. Leo wateja wameitazama kamera kuliko kofia. Sikuuza hata moja. Si hoja.

Tangazo kubwa nimelitoa wakati wa chakula. Mjomba Tekraj, mdogo wa pekee wa Mama, anakuja kupakwa na dada yake tika, alama ya baraka ya rangi saba kwenye paji la uso, siku ya mwisho ya sikukuu ya Tihar, kama kila mwaka. Ila mwaka huu, sikukuu ikiisha, mwanawe anamchukua kwenda kuishi Sydney. Mama na Mjomba walikuwa na picha moja tu ya pamoja, na paa lilivuja, mvua ikaila. Nikasema safari hii nitawapiga mimi mwenyewe, picha ya kutundikwa ukutani.

Mama aliacha kutafuna. Akasema, "Kweli, Hira? Usinidanganye, mwanangu. Yule akishaondoka harudi."

Nikamwambia ahesabu imeshatundikwa.

Tulasa akauliza kwa nini tusimwombe kaka yake. Kaka yake ni shemeji Lokendra, mwenye studio ya picha pale sokoni, mtu anayeamini kwamba jua huchomoza kwa ruhusa yake. Nikakataa. Jioni akapita mwenyewe, akaigeuzageuza kamera, akauliza kwa upole lenzi nitaifungua kiasi gani. Nikamjibu inategemea. Jibu zuri sana hilo. Nitalitumia tena.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimepanda kilima cha Shreenagar alfajiri kupiga ukungu. Majira haya bonde lote hujaa weupe kama sufuria ya maziwa, na kila mwaka Lokendra hutoa kalenda yenye picha ileile. Mpango: kalenda yangu itoke kabla ya yake.

Juu ya kamera kuna gurudumu dogo lenye herufi, na upande mmoja una alama ya kijani. Jirani aliyeileta alisema nianze na kijani, kamera inafanya kila kitu yenyewe. Basi mimi nitakuwa nafanya nini? Nimeweka M. Nadhani ni M ya Mtaalamu.

Nimepiga mpaka kidole kikauma. Zote nyeupe. Nyeupe pe pe pe, hakuna kilima wala mti. Kwenye kibanda cha chai wakaiomba kamera waone. Mmoja akauliza kama ni shuka. Nikaeleza kwamba ukungu ni mweupe na picha ni nyeupe, sasa kosa liko wapi. Mzee Bhim, mwenye kibanda, akasema kama ni hivyo ningebaki nyumbani nikapiga ukuta, ningeokoa na miguu. Wakacheka mpaka chai ikawatoka puani. Mji huu haujazoea sanaa.

Alasiri nikarekebisha. Sasa zinatoka nyeusi. Haya ni maendeleo. Nimeshaujua mwisho wa huku na mwisho wa kule. Kilichobaki ni katikati tu.

Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya kunguru. Tihar imeanza. Kila nyumba imeweka chakula juu ya paa ili kunguru wale na wasituletee habari mbaya mwaka mzima.

Mpango: kunguru akitua, mabawa wazi, lenzi ikimtazama machoni. Picha ya kumfanya Lokendra afunge studio akalime. Tulasa alikuwa amekaanga sel, ile mikate ya mviringo ya wageni. Nikaipanga kwenye paa, mmoja mmoja, kutoka ukingoni hadi mbele ya lenzi. Nikalala kifudifudi nyuma ya tangi la maji.

Kunguru akaja. Akaipita mikate yote kama mkaguzi wa afya. Akachukua kifuniko cha lenzi nilichokuwa nimekiweka pembeni, akaruka nacho. Nilichopata ni nusu ya mkia, nao haueleweki.

Nikajipa moyo: kifuniko hakipo, basi hata picha nyeusi hazitakuwepo. Nikajaribu. Zipo.

Tulasa ameuliza mikate ya wageni imekwenda wapi. Nimesema kwenye ibada. Amenitazama muda mrefu.

Jumapili, 12 Novemba

Siku ya mbwa. Mbwa wote wa Tansen wanatembea na mashada ya maua ya njano shingoni na alama nyekundu usoni, wameshiba, wana heshima kuliko madiwani.

Nimegundua siri ya Lokendra. Katika picha zake, sura iko wazi na nyuma kote kumefifia kama ndoto. Wateja wanaipenda hiyo. Nimeizungusha lenzi hadi nikaona ukungu mzuri, nikamwendea Kale, mbwa mweusi wa mtaa wetu, nikapiga.

Imefifia kweli. Aliyefifia ni mbwa. Nyuma yake, wazi kabisa, kila uzi unahesabika, yuko jirani yetu Bi Sharada akianika nguo, mdomo umejaa vibanio.

Nilikuwa nataka kuifuta, lakini alishafika na kuchungulia. Nikajiandaa kukimbia. Bi Sharada akasema toka aolewe hajatoka vizuri hivyo, na anataka nakala. Nikamwambia ndiyo maana nilimpiga. Akauliza mbwa alikuwa anafanya nini pale mbele. Nikasema ni mapambo.

Lokendra amesikia. Amempigia simu dada yake kuuliza kama nafua pia. Sawa. Mteja wa kwanza ninaye.

Jumanne, 14 Novemba

Mjomba amefika kutoka Butwal. Amebeba sanduku moja na kofia aliyoinunua dukani kwetu enzi za marehemu baba. Sikio lake la kushoto limekufa, la kulia linachagua. Mama amempokea mlangoni kwa kumgombeza kwamba amekonda. Yeye akajibu kwamba hapana, bado hajala. Wakaendelea hivyo jioni yote, kila mmoja kwenye mazungumzo yake, wamefurahi.

Walibishana habari za mbuzi. Utotoni kulikuwa na mbuzi aliyeanguka mtoni, na hadi leo kila mmoja anasema ni mwenzake aliyemwachia kamba. Kisha Mama akasema polepole kwamba kesho huenda ndiyo mara ya mwisho kumpaka tika kwa mkono wake.

Mjomba safari hii alisikia. Akasema, "Dada, huko wananiambia mambo yote ni kwenye simu. Utapaka kioo, mimi nitasogeza uso."

Mama akacheka, halafu akaenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakuwa anakitafuta.

Nilihisi uzito wa kazi yangu. Kwa hiyo nimechukua hatua. Lokendra lazima aje kesho, maana naye anakuja kupakwa tika na Tulasa, huyo ndiye dada yake na siwezi kuzuia. Ila nisingependa apumue shingoni mwangu wakati wa picha ya Mama. Nimempigia simu nikamwambia saa njema ya tika ni saa saba mchana. Kumbe redio imeshatangaza saa nne na dakika hamsini na moja, lakini si lazima kila mtu awe na redio. Kisha nimejaribu kila kitufe cha kamera; kimoja kina mchoro wa saa, nikakibonyeza ili kesho tusichelewe.

Jumatano, 15 Novemba

Lokendra amefika saa tatu asubuhi. Ana redio. Nchi nzima ina redio. Alinisalimia vizuri mno, akauliza kama saa yangu ya ukutani inaumwa.

Hakuja na kamera. Tulasa alimkataza. Alikuja kama kaka wa mtu, akakaa kwenye mkeka karibu na Mjomba, mikono magotini.

Mama alipendeza. Sari nyekundu, nywele zimepakwa mafuta. Alimzunguka mdogo wake mara tatu akidondosha mafuta sakafuni ili kifo kisivuke mstari ule. Akapasua kokwa ngumu ya jozi mlangoni kwa jiwe, pigo moja. Kisha akachovya kidole kwenye rangi ya kwanza kati ya zile saba, akakisogeza kwenye paji la uso la Mjomba. Hapo hapo. Nikabonyeza.

Kimya. Kamera haikupiga. Ikaanza kulia: pii, pii, pii, na taa ndogo nyekundu inapepesa mbele. Nikaigeuza niichungulie imepatwa na nini. Ikapiga.

Nikabonyeza tena. Pii, pii. Nikaigeuza. Ikapiga tena. Mama akaingia rangi ya tatu, ya tano, mimi nabonyeza na kugeuza kama mtu anayekoroga uji. Alipomvisha shada la maua ya zambarau ndiyo nikapata akili ya kutoigeuza. Nikaiinamisha nifikiri. Ikapiga miguu yangu.

Mama akauliza, "Imetoka, Hira?"

Alikuwa bado ameshika shavu la Mjomba. Nikasema imetoka.

Baada ya chakula nilijificha jikoni nikazitazama. Pua yangu. Kidevu changu. Pua yangu kutoka chini. Dari. Soksi. Mama na Mjomba hawamo hata kwa bahati mbaya, ila kuna kiwiko kimoja ambacho sijui ni cha nani. Sikujua kama nilie au nikaitupe kamera kisimani. Nikasikia mlango, Lokendra akaingia kutafuta maji. Nikaficha kamera mgongoni. Akanyoosha mkono tu. Nikampa.

Akatazama pua baada ya pua. Nilingoja acheke, maana mimi ningecheka. Hakucheka. Akabonyezabonyeza, akazungusha, akasema, "Mama ameshaziona?"

Nikasema bado.

"Basi twende. Gari la Mjomba linaondoka saa nane."

Mjomba alikuwa ameshateremka stendi na mwanawe aliyekuja kumchukua, na Mama alikuwa amegoma kubaki nyumbani. Tulizikimbia zile ngazi mimi na shemeji, Tulasa nyuma akiuliza, "Mnakimbilia nini?" Njiani niligundua kwamba gurudumu la kamera yangu limesogezwa upande wa kijani. Nitamtafuta aliyefanya hivyo.

Gari limewashwa, mizigo imefungwa juu. Mama na Mjomba wamesimama mbele yake. Nikainua kamera, mikono inacheza kwa zile ngazi. Lokendra akasema, "Shemeji, unatetemeka. Iweke kwenye boneti ya hilo gari la pembeni, bonyeza, iache."

Nikaiweka. Nikabonyeza. Kimya, halafu pii, pii! Nilitaka kuikamata, lakini Lokendra akanishika kiwiko na kunivuta pembeni, akaanza, ati, kuniuliza bei ya kofia. Mimi mtu mzima, siku kama ile, naulizwa bei ya kofia! Nikamwambia niachie. Akasema anataka ya bluu. Nikamwambia bluu zimekwisha. Tukabishana.

Nyuma yangu Mama alimvuta Mjomba sikio lile linalosikia, akamnong'oneza. Mjomba akacheka, fizi zote nje, na Mama akainua ncha ya sari kumfuta rangi iliyomwagikia kwenye nyusi. Kamera ikapiga.

Kisha wakamwita, akapanda, gari likaondoka. Mama alibaki amesimama mpaka vumbi likatulia. Baadaye nilimuuliza alimwambia nini. Akasema, "Nilimwambia akifika huko asijifanye mzee. Yeye ni mdogo wangu."

Tuliitazama picha palepale, sote vichwa pamoja. Wamo. Wote wawili wamo, macho, fizi, rangi saba, mkono wa Mama kwenye nyusi zake, na nyuma kote kumefifia kama ndoto. Mama akakigusa kioo kwa kidole chenye rangi. Tulasa alikuwa anapangusa macho.

Lokendra alisema kwa sauti ya chini, "Hiyo sasa ni picha, shemeji."

Nikamwambia ahsante. Sikutaka kumwumiza zaidi.

Ijumaa, 17 Novemba

Picha imetundikwa juu ya kitanda cha Mama. Lokendra ameikuza na kuitia fremu, nadhani ili ajifunze kwa kuitazama karibu. Asubuhi nimemsikia Mama akiigombeza kwa sababu ya mbuzi.

Habari zimeenea. Bi Sharada amewaambia watu wa kisimani, watu wa kisimani wamewaambia watu wa hekaluni, na leo mwalimu mkuu amekuja dukani mwenyewe. Binti yake anaolewa mwezi ujao, ukumbi mkubwa, wageni kutoka mpaka Pokhara. Anataka mtu aliyempiga mama yake Hira. Nimekubali kabla hajamaliza. Aliuliza kama nina uzoefu wa harusi. Nikamjibu inategemea.

Nimekaa kuchambua kitaalamu nini hasa kilifanikiwa Jumatano. Si gurudumu, hilo nimelirudisha kwenye M. Si ule mlio; huo ni ugonjwa, utapona. Nimezilinganisha picha zote nilizopiga tangu kamera ifike, mbaya na ile nzuri, na tofauti ni moja tu: nzuri ilipigwa juu ya boneti. Ajabu hakuna aliyeligundua hili kabla yangu.

Nimemweleza mwalimu mkuu kwamba tutahitaji gari ndani ya ukumbi, karibu na jukwaa la maharusi. Amesema atafikiria. Lokendra alikuwa anapita, akasikia, akakaa chini kwenye ngazi za duka na kufunika uso kwa mikono miwili. Akasema mlango wa ukumbi ule ni mwembamba, gari haliingii.

Wivu. Kesho naenda kuupima huo mlango.